Kuwahi na Kuchelewa: Historia ya Saratani ya Matiti

Wapo maadui waingiao mjini kwa vishindo na kelele, na wapo waingiao usiku wa manane watu wamelala. Saratani ya matiti ni adui wa namna ya pili. Aghalabu huanza kwa kivimbe kidogo kisichouma, na kwa kuwa hakiumi, mwenye nacho hukidharau. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe za uhai zisizohesabika, nazo hukua, hugawanyika na kufa kwa utaratibu maalumu. Saratani ni uasi wa chembe hizo. Chembe moja huvunja utaratibu, huzaa nyingine zilizo asi kama yenyewe, na zikiachwa kwa muda mrefu husafiri mpaka kwenye tezi za kwapani, kisha mifupani, mapafuni na katika ini. Maradhi yakikutwa yangali ndani ya titi, matumaini ya kupona ni makubwa. Yakikutwa yamekwisha kusafiri, kazi ya tabibu huwa nzito sana. Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kuifahamu historia ya maradhi haya shika maneno mawili tu: kuwahi na kuchelewa.

Ushahidi wa kale kabisa tulio nao watoka Misri. Ipo hati ya mafunjo iliyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo kutoka katika maandishi ya zamani zaidi. Mmarekani aitwaye Edwin Smith aliinunua mjini Luxor mwaka 1862, na tafsiri yake ikachapwa mwaka 1930. Ndani yake tabibu wa Misri ameeleza habari za wagonjwa 48, mmoja baada ya mwingine, na namna ya kuwashughulikia. Afikapo kwa mgonjwa mwenye uvimbe uliotuna kifuani, mgumu na wa baridi ukiguswa, tabibu huyo akiri kwamba hana tiba. Tusimcheke. Uvimbe alioueleza ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa, na kwa miaka maelfu baada yake matabibu wengi hawakuwa na jibu lililo bora kuliko lake.

Habari ya pili yatoka Uajemi, nayo imesimuliwa na Herodotus, mwandishi wa historia wa Uyunani. Malkia Atossa, mke wa mfalme Dario, aliota uvimbe katika titi. Ulipokuwa mdogo aliuficha kwa ajili ya haya, asimwambie mtu yeyote. Baadaye uvimbe ulipasuka na kuenea, ndipo alipomwita Democedes, tabibu wa Kiyunani aliyekuwa mateka katika nchi ile, naye akamponya. Hatuwezi kusema kwa yakini kwamba uvimbe ule ulikuwa saratani. Lakini jambo moja katika kisa hiki halina shaka, nalo limerudiwa katika kila nchi na kila zama: aliyekuwa na uwezo wa kumwita tabibu yeyote katika dola kubwa alizuiwa na haya yake mwenyewe. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.

Wayunani ndio walioupa ugonjwa huu jina la kaa, kwa kuwa waliona mishipa iliyovimba kando ya uvimbe imetawanyika kama miguu ya mnyama huyo. Waarabu nao walimwita kaa kwa lugha yao, yaani saratani, na neno hilo likafika katika Kiswahili. Kijana aliyekulia Lamu au Vanga, aliyepata kumwona kaa wa mikokoni akijificha matopeni na kushika asiachie, hataona jina hili kuwa geni. Lakini kutoa jina si kujua chanzo. Galen, tabibu mashuhuri wa dola ya Kirumi, alifundisha kwamba saratani hutokana na wingi wa nyongo nyeusi mwilini, na fikira hiyo ilitawala kwa zaidi ya miaka 1,000.

Walioamini kisu kuliko dawa walikuta kizuizi kingine, yaani maumivu. Tarehe 30 Septemba, 1811, mjini Paris, mwandishi wa Kiingereza Fanny Burney alikatwa titi na Larrey, daktari maarufu wa majeshi ya Napoleon. Hakuwa na dawa ya kumlaza ila kinywaji cha divai. Baadaye alimwandikia dada yake barua ndefu akisimulia mateso yale, na mpaka leo ni vigumu kuisoma bila kutetemeka. Aliishi mpaka mwaka 1840. Miaka saba kabla ya siku ile, yaani mwaka 1804, tabibu Hanaoka Seishu wa Ujapani alikuwa amemkata mwanamke mmoja uvimbe wa titi akiwa amelala usingizi wa dawa ya miti shamba. Lakini Ujapani ya siku zile ilikuwa imejifungia, na ujuzi wake haukuvuka bahari. Wagonjwa wa Magharibi walingoja mpaka mwaka 1846, etha ilipoonyeshwa hadharani mjini Boston, ndipo nusukaputi ilipoanza kutumika kwa upasuaji.

Maumivu yaliposhindwa, kisu kilipata ujasiri, na kila ujasiri una hatari ya kupita kiasi. Mwishoni mwa karne ya 19 William Halsted wa Baltimore, Marekani, alifundisha kwamba saratani huenea hatua kwa hatua kutoka katika titi, na kwamba dawa yake ni kukata pakubwa: titi zima, misuli ya kifua, na tezi za kwapani. Wanafunzi wake walieneza upasuaji huo duniani. Uvimbe ulipungua kurudi mahali pale pale, lakini wanawake wengi walibaki na vifua vilivyobonyea na mikono iliyovimba, na wale ambao maradhi yao yalikwisha kusafiri walikufa vivyo hivyo. Waganga walikuwa wakijibu kuchelewa kwa kuongeza ukubwa wa jeraha.

Njia nyingine ilitoka kwa watu waliokaa na kuhesabu. Mwaka 1926 daktari wa Uingereza, bibi Janet Lane-Claypon, alitoa taarifa ya uchunguzi wake. Alikuwa amelinganisha wanawake 500 waliougua saratani ya matiti na wengine 500 wasioiugua, akiuliza habari za ndoa zao, uzazi wao na unyonyeshaji wao. Aliona kwamba waliokosa kuzaa, walioolewa wakiwa na umri mkubwa, na wasionyonyesha walikuwa katika hatari zaidi. Mengi aliyoyaona yamethibitishwa na wataalamu waliomfuata, na namna yake ya kulinganisha wagonjwa na wazima imekuwa chombo cha kila siku cha elimu ya tiba.

Wakati huo huo jicho jipya lilikuwa likifunguka. Mwaka 1913 mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alipiga picha za eksirei matiti yapata 3,000 yaliyokwisha kukatwa, akaonyesha kwamba saratani huacha alama katika picha. Picha kama hizo, ambazo sasa huitwa mamografia, ziliweza baadaye kuona kivimbe kabla vidole havijakigusa. Lakini kuona ni jambo moja, na kuokoa maisha ni jingine. Aliyetaka kulijua hilo kwa hakika ni Philip Strax, daktari wa New York ambaye mke wake alikuwa ameuawa na saratani ya matiti. Kuanzia mwaka 1963, pamoja na wenzake, aliwagawa wanawake yapata 62,000 katika mafungu mawili. Fungu moja liliitwa kupimwa kila mwaka kwa mikono ya daktari na kwa mamografia. Fungu la pili liliendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya miaka kumi vifo vya saratani ya matiti katika fungu lililoitwa vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 30. Mjane mmoja, msomaji, hakuweza kumrudisha mkewe. Aliwaachia wake za watu wengine nafasi ya kuwahi.

Uvimbe ulipoanza kukutwa ukiwa mdogo, swali la kisu nalo lilirudi. Daktari Bernard Fisher wa Pittsburgh alianza mwaka 1971 kulinganisha upasuaji mkubwa na ulio mdogo. Wengi walimpinga, lakini hesabu ilisema naye. Mwaka 1985 yeye na wenzake walionyesha kwamba mwenye uvimbe mdogo aweza kukatwa uvimbe tu, akapewa matibabu ya mionzi, na nafasi yake ya kuishi isiwe pungufu ya yule aliyekatwa titi zima. Tazama basi faida ya kuwahi: aliyewahi huokoa maisha, na mara nyingi huokoa na titi.

Hata hivyo, elimu yote hii ni taa iliyofunikwa ikiwa watu wanaona haya kuitaja. Mwaka 1974 Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, alipokatwa titi hakuficha. Alilitangazia taifa lake, na wanawake wengi sana wakaenda kupimwa. Malkia wa Uajemi alinyamaza mpaka uvimbe ukapasuka. Mwanamke huyu alisema, na kusema kwake kukawa tiba kwa wengine.

Sasa utauliza ni nani aliye katika hatari. Hatari ya kwanza ni kuwa mwanamke, na ya pili ni kuongezeka umri. Wanaume nao huugua, ingawa ni wachache, hawafiki hata mmoja kwa kila wagonjwa 100 au huzidi hapo kidogo. Baadhi ya watu hurithi hatari kutoka kwa wazazi, na miaka ya 1994 na 1995 wataalamu walizitambua jeni mbili mashuhuri za urithi huo. Lakini walio na urithi wa namna hii ni wachache miongoni mwa wagonjwa, kwa hiyo asiye na mgonjwa katika ukoo wake asidhani amesalimika. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si laana, wala si adhabu ya kosa. Yapo yanayopunguza hatari: kunyonyesha, kuuzoeza mwili kazi na mazoezi, kuepuka unene uliopita kiasi, na kujiepusha na pombe. Nasema yanapunguza, sisemi yanazuia kabisa. Wengi wameishi kwa uangalifu na bado wakaugua, na si haki kuwalaumu.

Hata upimaji una mipaka yake. Katika mji wa Shanghai, wanawake zaidi ya 260,000 waligawanywa, nusu wakafundishwa kujipapasa matiti kila mwezi kwa kanuni maalumu. Majibu yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba mafunzo yale peke yake hayakupunguza vifo. Mamografia nayo huweza kukosa kilichopo, au kumtia hofu asiye mgonjwa. Funzo lake si kwamba tukae tu. Funzo ni kwamba mwanamke aujue mwili wake, na aonapo badiliko aende kwa mganga aliyesomea kazi hiyo, kwa kuwa vidole pekee havitoi hukumu. Badiliko hilo laweza kuwa uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama, au damu itokayo katika chuchu. Vivimbe vingi si saratani, lakini anayeweza kusema hivyo kwa hakika ni yule aliyechukua kipande cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini.

Mwaka 2022, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na 670,000 walikufa kwayo. Katika nchi tajiri, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 huishi miaka mitano au zaidi baada ya kugunduliwa. Katika nchi nyingi za Afrika hesabu hiyo ni ndogo mno. Hapa Kenya ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine zote, na wengi hufika hospitali maradhi yamekwisha kusafiri. Si kwamba kaa wetu ana makucha makali kuliko wa nchi nyingine. Hospitali iko mbali, nauli haipatikani, gharama zinatisha, miezi inapita katika kujaribu dawa hii na ile, na juu ya yote ipo haya. Kuleta mashine na madaktari karibu ni wajibu wa serikali na wa taifa zima. Lakini haya haiondolewi kwa mashine.

Ndiyo sababu nimekuandikia wewe, kijana wa shule. Nyumbani kwenu wamo mama, shangazi, nyanya na dada. Huenda siku moja mmoja wao akataja kwa sauti ya chini, huku akiendelea na kazi yake, kwamba amehisi kitu kifuani ila hakimuumi. Usicheke, usione haya, wala usiliache neno hilo lipite. Mwambie kwa heshima kwamba kutouma si dalili ya usalama, na ukiweza mfuate mpaka zahanati. Tabibu wa Misri alikosa tiba kwa kuwa alizaliwa mapema mno. Wewe huna udhuru huo. Miaka 3,600 ya mateso, hesabu na ushujaa imekuletea neno moja la kusema, na neno hilo lina faida likisemwa leo.