Umefikia kwa Nani? Mgeni, Mwenyeji na Historia ya Malazi katika Mwambao wa Afrika Mashariki



Katika Kiswahili, mtu aliyeingia mji asioujua haulizwi kwanza amelala wapi. Huulizwa, "Umefikia wapi?" na mara nyingi zaidi, "Umefikia kwa nani?" Swali hili la pili ndilo nitakalolishughulikia jioni hii. Kitenzi *fika* kimeongezewa kiambishi cha kutendea kikawa *fikia*, na kwa badiliko hilo dogo mwisho wa safari umeacha kuwa mahali ukawa mtu. Wanaisimu watanikumbusha kwamba *fikia* ina matumizi mengine, kama vile kufikia umri au kufikia uamuzi. Hilo nalikubali. Hata hivyo, katika mazungumzo na msafiri neno hili hubeba dhana nzima ya kijamii, na dhana hiyo ina historia inayoweza kufuatiliwa.

Jambo hili linahitaji kusemwa kwa sababu kuna maelezo mepesi yaliyozoeleka. Husemwa kwamba Waafrika wa zamani hawakuwa na hoteli kwa kuwa walikuwa wakarimu, na kwamba hoteli zilikuja pamoja na wakoloni na fedha, zikaua ukarimu. Maelezo haya yanapendeza masikioni, lakini hayaungwi mkono na ushahidi tulio nao. Katika miji ya mwambao malazi ya mgeni yalikuwa sehemu ya biashara tangu karne nyingi zilizopita. Yalikuwa na taratibu zake, faida zake na adhabu zake. Msafiri alipochagua mahali pa kulala alikuwa anachagua mdhamini, dalali na msemaji wake kwa wakati mmoja, na kosa katika uchaguzi huo lingeweza kumgharimu zaidi ya usingizi.

Ushahidi wa mapema ulio wazi zaidi umo katika masimulizi ya Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mnamo mwaka 1331. Anaeleza kwamba chombo kilipotia nanga, mashua ndogo zilitoka pwani kukilaki. Ndani ya kila mashua walikuwamo vijana, na kila kijana alichukua chombo cha chakula kilichofunikwa. Kijana alimkabidhi chakula hicho mmoja wa wafanyabiashara waliomo chomboni na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakushuka ila kwenda kwenye nyumba ya mwenyeji huyo. Aliyekuwa na hiari ya kukaa atakapo ni yule tu aliyekwisha kuuzuru mji mara nyingi na kuwafahamu watu wake.

Na tutazame kinachofuata, kwa sababu hapo ndipo ukarimu unapoonyesha uso wake wa pili. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alichotaka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei duni mno, au akimuuzia kitu pasipo mwenyeji kuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe anasema kwamba desturi hiyo iliwaletea watu wa mji faida. Kwa hiyo ile sahani ya chakula ilikuwa, kwa lugha ya leo, mwanzo wa mkataba. Mgeni aliyeipokea alipata kitanda na chakula, tena akapata kinga dhidi ya kudanganywa na watu wengine. Kinga dhidi ya kudanganywa na mwenyeji mwenyewe hakuipata, na pengine ndiyo maana yule aliyekwisha kuujua mji aliruhusiwa kujichagulia. Elimu ya mji ilikuwa ndiyo bei ya uhuru.

Ibn Battuta hakuingia katika mpango huo. Kijana mmoja alimwendea, lakini wenzake wa safari wakamwambia kwamba huyu si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni. Hapo hapo akatangazwa kuwa ni mgeni wa kadhi. Kadhi akaja ufukweni na wanafunzi wake, wakampeleka kwanza kwa sultani, kama ilivyokuwa ada kwa wanavyuoni, kisha akalazwa katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi. Alihudumiwa hapo kwa siku tatu, akiletewa wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na pilipili. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Ijumaa, akaletewa mavazi. Siku tatu za ugeni ni hesabu inayojulikana katika mafunzo ya Kiislamu. Sina hakika kama methali yetu ya mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe, imetokana na hesabu hiyo au imezaliwa shambani kwa akili yake yenyewe, lakini zote mbili zinakubaliana kwamba ugeni una tarehe ya mwisho.

Mombasa alikaa usiku mmoja tu, na hatuelezi alilala kwa nani. Kutoka hapo alikwenda Kilwa, ambako sultani Abu al-Muzaffar Hasan aliitwa kwa lakabu Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa wingi wa utoaji wake. Masharifu kutoka Hijazi na Iraki walimjia na kukaa kwake. Alipofariki, nduguye Daud alishika utawala naye akawa kinyume chake: mwombaji alipomjia alijibiwa kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa. Simulizi hii hutajwa kama kichekesho. Kwa mtazamo wangu ni habari muhimu ya kihistoria. Mji ule ule, wenye misikiti ile ile na bandari ile ile, ulikuwa makazi mema ya mgeni leo na makazi mabaya kesho, kwa sababu mtu mmoja amefariki. Aliyesafiri kwenda Kilwa akitegemea habari za miaka michache nyuma alifikia kwa maiti.

Kwa nini uchaguzi wa mwenyeji ulikuwa na uzito namna hiyo? Jibu limo katika upepo. Vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, na vikarejea na kusi. Mfanyabiashara aliyeshuka Lamu au Zanzibar hakuwa na uwezo wa kuondoka kesho yake akichukizwa na kitanda. Alibaki wiki nyingi, pengine miezi, na aliyechelewa upepo alibaki hadi msimu mwingine. Kwa muda wote huo alikula, akaugua, akakopesha, akadai, na wakati mwingine akaoa. Mwanaanthropolojia John Middleton, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ulimwengu wa Waswahili, aliwaeleza waungwana wa miji ya mawe kuwa ni watu wa kati ambao nyumba zao zilikuwa ndizo nyenzo za biashara yao. Mgeni aliyekirimiwa vizuri aliweza kuwa mkwe, na mkwe hakwenda kufikia kwa mshindani.

Nyumba yenyewe ilijengwa ikijua hayo. Katika nyumba za mawe za Lamu, hasa zile za karne ya 18, mtu aliingia kwanza katika daka lenye mabaraza ya kukalia. Baada ya hapo njia ilipinda, ili jicho la mpitaji lisifike ndani. Mgeni wa kiume alitengewa sebule au chumba chenye njia yake mwenyewe. Vyumba vya ndani kabisa, vyenye zidaka ukutani, vilikuwa vya wanawake wa nyumba, na humo ndimo yalimofanyika mambo mazito ya ukoo, kuzaa na kuosha maiti. Msafiri aliweza kukaa miezi mitatu katika nyumba hiyo na kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani bila kuvuka mpaka huo.

Upande wa pili wa nchi kavu, karne ya 19 ilileta wageni wa namna nyingine. Misafara ya Wanyamwezi iliteremka kutoka bara na pembe za ndovu, ikielekea Bagamoyo, Saadani na Pangani. Hapa pia tunaona kulaki. Watu wa pwani walitoka nje ya miji, wakati mwingine mwendo wa siku nyingi, ili kuivuta misafara ije kwao na si kwa mji jirani. Mwenye msafara aliahidiwa zawadi na mahali pa kutua. Neno *tua* lilikuwa na uzito wake hapo: mpagazi hutua mzigo, na kutokana na kitenzi hicho tukapata *kituo*, ambacho siku hizi tumekiachia mabasi na polisi.

Hatari iliyomkabili mtu wa bara haikuwa ile ya mfanyabiashara wa Ghuba. Katika zama za biashara ya watumwa, mtu aliyeingia mji wa pwani peke yake, asiye na jina la mtu wa kutaja, aliweza kukamatwa na kuuzwa. Swali la "umefikia kwa nani" liliweza kuulizwa kwa sauti ya upole na maana yake ikawa: nani atakayekuja kukudai ukitoweka? Wale wanaotaka kuifanya historia ya ugeni wetu kuwa simulizi ya sahani za pilau na marashi wanapaswa kulisikiliza swali hilo kwa masikio ya mpagazi kijana aliyepotezana na msafara wake.

Hoteli kwa maana ya nyumba ambayo mtu yeyote mwenye fedha hulala bila kujuana na mtu ilienea kwetu pamoja na utawala wa kikoloni. Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1904. Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na Kaiserhof, ambayo chini ya Waingereza ilikuja kuitwa New Africa. Lakini maneno "mtu yeyote mwenye fedha" hayakuwa kweli. Ubaguzi wa rangi uliwafungia Waafrika milango ya hoteli kubwa hadi karibu na uhuru, isipokuwa walipoingia na trei mkononi. Basi Mwafrika aliyekwenda mjini katika miaka ya 1930 alichagua vipi? Alifikia kwa ndugu, kwa mtani, au kwa mwalimu wake wa chuo. Kariakoo alipata chumba katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi wa kati na vyumba vya kupangisha huku na huku. Nairobi, huko Pangani na Pumwani, alipangishiwa na wanawake waliojijengea nyumba kwa jasho lao. Luise White, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990, ameonyesha jinsi baadhi ya wanawake hao walivyouza, pamoja na miili yao, chai, maji ya kuoga na kitanda cha usiku. Jamii iliwatukana, na jamii hiyo hiyo ikalala kwao.

Lugha haikuyapokea maneno mapya kama yalivyokuja. *Hoteli*, katika matumizi ya kila siku nchini Kenya na hata Tanzania, ni kwanza mahali pa kula. Mtu husema amekula hotelini bila kumaanisha kwamba amelala huko. Kwa kulala, Kenya wana *lojingi* na Tanzania wana *gesti*. Neno hili la mwisho hunifurahisha kila nilisikiapo. Katika Kiingereza lina maana ya mgeni, na kwetu limekuwa nyumba. Mtu ameondolewa, jengo limebaki na jina lake. Waswahili wa Tanzania wakaongeza *gesti bubu*, yaani nyumba ya kulala isiyosajiliwa, ambayo haina kibao na haisemi nani amelala humo. Mwenyeji wa zamani alikuwa msemaji wa mgeni wake. Hapa sifa ya nyumba ni kunyamaza.

Hata hivyo, gesti iliyosajiliwa haikunyamaza. Kwa miaka mingi daftari la wageni Tanzania lilimtaka msafiri aandike jina, kabila, kazi, atokako na aendako. Aliyewahi kuusoma mpangilio huo kwa makini ataona kwamba ni yale yale maswali ya ufukweni: wewe ni nani, wa watu gani, umeleta nini, na utaondoka lini. Tofauti ni kwamba majibu yalikwenda kwa serikali, wala hakuna aliyelazimika kukuletea chakula baada ya kujibu.

Neno moja la mwisho kuhusu zile nyumba za mawe. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Nyumba kadhaa za miji hiyo zimegeuzwa kuwa hoteli, na nyingine zimeuzwa na koo ambazo hazikuweza tena kulipia chokaa na boriti. Msafiri hupokewa dakani, palipowekwa meza na daftari. Sebule, alikolazwa mgeni wa zamani, imekuwa ofisi au mahali pa kunywea chai. Kisha hupewa ufunguo, akapandishwa hadi vyumba vya ndani vyenye zidaka, ambamo mfanyabiashara wa Muskati hakupata kutia mguu hata baada ya misimu 10 ya kufikia katika nyumba hiyo hiyo.