Winchi Inayovuta Gari Lake Lenyewe

Ukiona winchi mbele ya Land Cruiser, kazi yake unaijua. Gari likizama kwenye tope, unafunga kamba kwenye mti, unabonyeza swichi, gari linajitoa. Sasa fikiria winchi ambayo kamba yake haiendi kwenye mti wala kwenye jiwe: imefungwa kwenye ekseli ya gari hilohilo. Kwa nini mtu afanye hivyo? Ili kupata jibu, inabidi twende magharibi mwa Marekani, kwa watu wanaopanda miamba kwa magari.

Agosti 1953, Jeep 55 ziliondoka mji wa Georgetown, California, kupita njia ya mawe ya Rubicon katika milima ya Sierra Nevada. Jeep za wakati ule zilikuwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa pamoja, fupi na ngumu. Tairi moja likipanda jiwe, jingine linabaki hewani. Mwaka 1959 kampuni ya Warn ikaleta winchi ya umeme kwa wenye magari binafsi, na kukwama porini kukapungua makali. Lakini winchi hiyo ilikuwa ya kukuokoa ukishakwama tu.

Kuelekea mwaka 2000, kupanda miamba kukawa mchezo wa mashindano. Mafundi wakaachana na bodi za Jeep, wakachomelea bagi: fremu ya mabomba ya chuma, injini, viti na matairi makubwa. Springi zikawa za koili, shokapu zikawa ndefu, na ekseli ikaweza kushuka mbali sana kutoka kwenye fremu ili tairi lifuate kila shimo. Kwenye mawe ya tambarare, raha tupu.

Tatizo likaja kwenye mwinuko mkali. Gari linapopanda, uzito unahamia nyuma. Springi za mbele, ambazo zilikuwa zimebanwa na uzito huo, zinapata nafasi ya kunyooka, zinasukuma pua juu. Pua ikipanda, kitovu cha uzito nacho kinapanda na kurudi nyuma.

Tufanye hesabu ya haraka. Tuchukulie ekseli mbili ziko mita 2.8 mbali, na kitovu cha uzito kiko katikati, mita 1 kutoka ardhini. Gari hilo litaanza kupindukia nyuma mwinuko ukifika kama digrii 54. Pua ikiinuka sentimita 30 tu, kikomo kinashuka hadi karibu digrii 49. Digrii tano zinaonekana ndogo, lakini kwa dereva aliyefungwa mkanda huku akitazama mawingu, hizo ndizo tofauti ya kufika juu na kuanguka chali na gari zima.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi: mkanda imara kati ya fremu na ekseli, kama ile ambayo magari ya mbio za jangwani hutumia kuzuia shokapu zisinyooke kupita kiasi. Ila mkanda una urefu mmoja. Ukiufanya mfupi, umeua ule urefu wa springi ulioutolea jasho. Ukiufanya mrefu, pua inainuka.

Hapo ndipo winchi ndogo ya umeme, ya aina inayofungwa kwenye pikipiki za magurudumu manne, ikapata kazi mpya. Inafungwa kwenye fremu, kamba inashuka hadi katikati ya ekseli ya mbele. Kumbe ni mkanda uleule, ila huu unaurefusha na kuufupisha kwa swichi. Kabla ya mwinuko dereva anavuta, springi zinabanwa, pua inainama. Akifika juu, anaachia.

Wengi hudhani winchi inayakandamiza matairi ardhini. Hapana. Kamba imeshika gari pande zote mbili, kwa hiyo haiwezi kuongeza hata kilo moja kwenye uzito wa gari. Inachofanya ni kubadilisha umbo la gari: kitovu cha uzito kinashuka na kusogea mbele. Na pua haiwezi tena kuinuka peke yake; lazima ibebe ekseli na matairi yake, na hivyo si vyepesi.

Gharama ipo. Kamba inavuta, haisukumi, kwa hiyo tairi bado linaweza kupanda juu likigonga jiwe, lakini haliwezi kushuka shimoni. Dereva akisahau kuachia, ana gari gumu kama Jeep ya 1953, na tairi linaning'inia pale anapohitaji lishike.

Kwa hiyo nusu karne ilitumika kuzipa springi uhuru, kisha mafundi wakagundua kwamba uhuru huo unahitaji mtu wa kuushika kamba kwa dakika chache. Safari nyingine ukisikia neno "ugunduzi", usitafute kifaa kipya tu. Wakati mwingine ni kifaa cha zamani, ila mtu amebadilisha mahali pa kufunga kamba.