Ekari Mbili za Barabarani: Gharama ya Kipande katika Kodi ya Ongezeko la Mtaji

Wapo wahasibu wanaoshikilia kwamba mkulima akiuza sehemu ya shamba, gharama ya sehemu hiyo hupatikana kwa kugawa bei aliyonunulia kwa idadi ya ekari. Ni hesabu nyepesi, na pale ambapo ardhi yote ina thamani moja haina madhara. Lakini si hesabu ya sheria. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inagawa gharama kwa uwiano wa thamani ya soko ya kipande kilichouzwa na kilichobaki, mara tu baada ya mauzo. Kuhusu kiwango hakuna ubishi: mkaazi hulipa asilimia 10 ya faida.

Tuchukue shamba la ekari 10 lililonunuliwa kwa shilingi milioni 20. Lami inafika, na mwenyewe anauza ekari 2 za mbele kwa milioni 40. Ekari 8 za nyuma, zenye mihogo na korongo, nazo zina thamani ya milioni 40. Kwa kipimo cha ekari, gharama ya kipande ni milioni 4, faida milioni 36, kodi milioni 3.6. Kwa kipimo cha thamani, gharama ni milioni 10, faida milioni 30, kodi milioni 3. Laki sita si haba kwa anayeuza ardhi ili alipe karo. Hata hivyo, hajasamehewa: ekari 8 zinabaki na gharama ya milioni 10 badala ya 16, na siku zikiuzwa kwa faida, laki sita hizo zitamfuata. Kilichosogea ni siku ya kulipa.

Tatizo kubwa zaidi limeletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Asiye na kumbukumbu za gharama sasa hulipa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa ekari zetu 2, ikiwa bei na thamani ni sawa, hiyo ni milioni 1.2. Yaani aliyetunza karatasi ya mauziano, ile iliyoandikwa kwa kalamu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ikakunjwa mara nne na kulazwa sandukuni chini ya nguo za sikukuu, analipa milioni 3. Jirani yake ambaye panya walimlia karatasi analipa pungufu ya nusu. Kila faida inapozidi asilimia 30 ya bei ya kuuzia, karatasi inamponza mwenye nayo.

Watetezi wanasema huu ni unafuu kwa waliorithi mashamba yasiyo na maandishi. Nakubali, kwa hao. Lakini unafuu unaomwadhibu mtunza kumbukumbu unafundisha watu kuzipoteza, na sioni ofisa atakayethibitisha kwamba karatasi ilichomwa badala ya kuliwa. Muuzaji apewe hiari ya kuchagua njia. Kwamba Hazina itapoteza mapato sidhani kunatisha sana, wajanja wameshachagua.

Linabaki suala la msamaha. Ardhi ya mtu binafsi yenye thamani ya chini ya shilingi milioni 10, iliyotumika kwa kilimo angalau miaka 2 kati ya 3 kabla ya kuuzwa, haitozwi. Je, kipimo ni kipande au shamba zima? Anayekata viwanja kumi vya ishirini kwa ishirini na kuviuza milioni 6 kimoja atasema kipande, na milioni 60 zitapita bila kodi. Mimi nasoma kwamba kinachopimwa ni haki yote anayoishikilia muuzaji, ingawa maneno ya kifungu hayanipi ushindi wa wazi, na mkata viwanja huenda akahesabiwa kuwa mfanyabiashara. Kipimo cha kilimo hakimzuii: kinatazama miaka iliyopita, na mahindi bado yamesimama katikati ya bikoni.