Gaiola ya Lisbon: Tundu la Mbao Ndani ya Ukuta

Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliubomoa Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Mawimbi ya bahari yalifuata, kisha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, aliyekuja kuwa Markizi wa Pombal, alimkabidhi mhandisi mkuu Manuel da Maia kazi ya kuujenga mji upya, pamoja na Eugénio dos Santos na Carlos Mardel.

Ukuta wa mawe hubeba vizuri uzito unaoshuka, lakini tetemeko husukuma jengo kwa ubavu, na mawe yakiachana ukuta huporomoka. Wahandisi hao waliingiza ndani ya kuta kiunzi cha mbao kilichoitwa gaiola, yaani tundu la ndege. Nguzo na boriti zilifungwa kwa mbao za mshazari zilizopishana kama herufi X, na nafasi zilizobaki zikajazwa mawe na chokaa. Kiunzi cha pembe nne kikisukumwa hulala upande. Kikipigwa mbao za mshazari hugawanyika kuwa pembetatu, nayo pembetatu haipotezi umbo mpaka mbao ivunjike au kiungo kiachie. Katika mtaa wa Baixa, wenye udongo laini, misingi ilikalishwa juu ya magogo ya msonobari yaliyopigiliwa ardhini.

Mapokeo yanaeleza kuwa mfano wa gaiola ulisimamishwa uwanjani, na wanajeshi wakapiga gwaride kuuzunguka ili vishindo vya miguu yao viutikise. Jaribio hilo lilikuwa na upungufu: vishindo vya miguu ni hafifu kuliko mwendo wa ardhi inayokwenda na kurudi, wala havikuweza kupimwa.

Kipimo kilipatikana Japani. Baada ya tetemeko la Nobi la 1891, lililoua zaidi ya watu 7,000, wataalamu wa matetemeko John Milne na Fusakichi Omori walijaribu nguzo za matofali juu ya meza ya kutikisa, wakitafuta nguvu inayotosha kuzivunja au kuziangusha. Tangu mwaka 2005, meza ya aina hiyo iliyoko Miki, karibu na Kobe, yenye mita 20 kwa 15, hutikisa majengo mazima.

Gaiola nayo ilifikishwa maabara. Mwishoni mwa karne ya 20, kuta zilizotolewa katika jengo la zamani la Lisbon zilisukumwa huku na huku kwa mashine. Zilipinda sana bila kuporomoka, kwa kuwa viungo vya mbao vilimeza sehemu ya nguvu iliyozisukuma.