Kadi ikikatwa pesa za programu usiyoikumbuka

Haupiti mwezi ila kijana huniuliza kwa nini benki imemkata pesa na yeye hakununua kitu. Mara nyingi si wizi. Ni programu aliyoijaribu bure siku saba, akaweka nambari ya kadi, muda ukaisha ikaanza kujilipa. Biashara katika dini yetu ni kuridhiana. Aliyefichwa bei kwa herufi ndogo sijui ameridhia nini.

Anza na jina lililo kwenye ujumbe wa benki. Likiwa GOOGLE au APPLE.COM/BILL, malipo yamepitia duka la programu la simu yako, au ya mtoto anayeichezea.

Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Hapo ndipo wengi wanapoponzeka. Kwenye Android ingia Play Store, gusa picha yako, fungua sehemu ya malipo na usajili, usitishe huko. Kwenye iPhone ni mipangilio, jina lako, kisha usajili; na majaribio ya bure yasitishwe angalau saa 24 kabla ya kuisha. Kurudishiwa pesa ni jambo jingine. Google huombwa ndani ya saa 48 za malipo, zikipita wamwandikia mwenye programu.

Wenye nyumba za wageni Shela wanaotengeneza matangazo, angalieni mikataba ya mwaka inayolipwa kila mwezi. Ukitoka mapema hutozwa ada. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe ikidai iliificha ada hiyo.

Jina usilitambue kabisa? Usipande boti kutoka Kizingitini hadi Amu kwanza. Piga nambari iliyo nyuma ya kadi ifungwe, kisha upinge malipo kwa maandishi. Kwa Visa muda wa kupinga kwa kawaida ni siku 120, lakini benki yako yaweza kutaka mapema zaidi.

Kwa manunuzi ya mtandaoni mimi napendelea kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanzishwa na Safaricom na Visa mwaka 2022. Hukata salio la M-Pesa, haigusi akaunti ya mshahara.

Barua ya kupinga iwe na tarehe, kiasi, jina lililoandikwa na picha ya uthibitisho kwamba ulisitisha. Nakala baki nayo.