Morfini na sheria ya 1945
Muuguzi wa Mpanda akimpa morfini mgonjwa mahututi wa saratani, anamtuliza au anamuua? Kanuni ya Adhabu, tuliyoachiwa na Waingereza tangu 1945, inasema anayeharakisha kifo cha mgonjwa amekisababisha, hata kama angekufa tu. Si ajabu mtu kuiogopa ile chupa. Lakini Cicely Saunders, muuguzi aliyekuja kuwa daktari, alifungua hospisi yake London mwaka 1967 huku akipinga kabisa kuua kwa huruma. Morfini ndo ilikuwa dawa yake kuu: kwa kipimo, kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Jirani zetu Uganda wakaenda mbali zaidi: mwaka 2004 wakaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo waiandike wenyewe. Mgonjwa wa Mpanda, je? Ocean Road iko Dar, zaidi ya kilomita 1,000.