Kodi Tunayolipa Ina Historia

Ndugu zetu wa Louisville, Columbus na Buffalo,

Kila tarehe 30 Juni wazee huwasimulia watoto habari za Leopoldville ya mwaka 1960: bendera, hotuba ya Lumumba, shangwe za watu barabarani. Safari hii tumeona vema kuandika pia historia ya jambo ambalo watoto wetu wanaliona kwa macho yao wenyewe, nalo ni kuhama. Mkataba wa mwaka unaisha, kodi inapanda, familia inatafuta apatimenti nyingine, na mtoto anaanza shule nyingine. Tunasema, "Mwenye nyumba ana tamaa." Huenda anayo. Lakini tamaa ilikuwepo siku zote, na kodi haikupanda siku zote. Kodi inafuata mambo mawili makubwa: benki zinamkopesha nani fedha za kununua nyumba, na nyumba mpya ngapi zinajengwa.

Tulikotoka

Wazee wetu walikutana na jambo hili kabla hawajaiona Marekani. Wakati wa Wabelgiji, katikati ya mji palikuwa pa Wazungu, na Waafrika walikaa katika cité. Ilifika mwaka 1953 ndipo dekri ilipomruhusu Mkongo kuwa na ardhi na nyumba kwa jina lake mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, serikali ya kikoloni ilikuwa imeunda Office des Cités Africaines, shirika lililojenga mitaa kama Bagira kule Bukavu na Ngagara kule Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Kwa hiyo mzee aliyesema "hii ni parsele yangu" mwaka 1960 alikuwa anasema neno ambalo baba yake hakuweza kulisema.

Louisville: sheria na ramani

Watoto wasidhani kwamba hapa mambo yalikuwa tofauti sana. Mwaka 1914 jiji la Louisville lilipitisha sheria iliyomkataza mtu mweusi kuhamia katika mtaa wenye Wazungu wengi, na Mzungu kuhamia katika mtaa wenye weusi wengi. William Warley, kiongozi wa NAACP hapa Louisville, aliipinga mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1917 sheria hiyo ikafutwa.

Sheria ilipokufa, mkopo ulishika nafasi yake. Zamani mkopo wa nyumba ulikuwa mgumu kwa kila mtu: mara nyingi ulitakiwa kutoa karibu nusu ya bei, na kulipa yaliyobaki kwa miaka michache tu. Mwaka 1934 serikali iliunda FHA, shirika la kuzidhamini benki. Mnunuzi sasa aliweza kutoa asilimia 20 na kulipa yaliyobaki kidogo kidogo kwa miaka 20, na baadaye 30. Mamilioni ya familia za wapangaji wakawa wenye nyumba. Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1930 shirika jingine la serikali, HOLC, lilichora ramani za miji zaidi ya 200, na miji yetu mitatu imo. Mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari ilipakwa rangi nyekundu, na mitaa ya watu weusi karibu yote iliangukia humo. FHA nayo ilikwepa kudhamini mikopo ya mitaa ya namna hiyo.

Hapo ndipo mkopo unapogusa kodi. Mtu aliyenyimwa mkopo hana budi kupanga. Akibanwa katika mitaa michache, anashindania vyumba vichache na wenzake wengi. Mwenye nyumba anajua kwamba mpangaji hana pa kwenda, hivyo anaongeza kodi na haharakishi kuziba paa linalovuja.

Waliojaribu kutoka walilipia gharama kubwa. Mwaka 1954 Andrew na Charlotte Wade, mume na mke weusi, walipata nyumba Shively, karibu na Louisville, baada ya marafiki Wazungu, Anne na Carl Braden, kuinunua kwa niaba yao. Nyumba hiyo ililipuliwa kwa bomu, na Carl Braden ndiye aliyefungwa. Sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi katika nyumba ilikuja mwaka 1968. Mwaka 1988 iliongezewa ulinzi kwa familia zenye watoto. Wenye watoto sita au saba, mwaka huo ni wetu sisi.

Buffalo: nyumba nyingi, lakini nzee

Buffalo ilikuwa na watu 580,132 mwaka 1950. Viwanda vikafungwa, kikiwemo kile kikubwa cha chuma cha Bethlehem Steel pale Lackawanna mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 2010 walibaki 261,310. Nyumba maelfu zikabaki tupu, na nyingi zikabomolewa. Wachache tu walijenga mpya, kwa sababu mara nyingi gharama ya kujenga ilizidi bei ambayo nyumba ingeuzwa.

Kisha tukaja sisi, kutoka Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali na kwingineko, pamoja na Waburma, Wasomali na wengine. Hesabu ya 2020 ilikuta watu 278,349. Ilikuwa mara ya kwanza jiji kuongezeka katika miaka 70. Watu waliongezeka, lakini nyumba zilikuwa zilezile za zamani, nyingi zikiwa zimejengwa kabla ya rangi yenye madini ya risasi kupigwa marufuku mwaka 1978. Rangi hiyo ikibanduka, vumbi lake linadhuru akili za watoto wadogo. Kwa hiyo mpangaji wa Buffalo analipa kodi inayopanda kwa nyumba inayochakaa.

Columbus: watu wengi kuliko milango

Columbus haikupungua. Tangu miaka ya 1950 ilikuwa ikiyaambia maeneo ya jirani: mkitaka maji yetu, jiungeni na jiji. Ikapanuka. Kati ya 2010 na 2020 ilitoka watu 787,033 hadi 905,748. Ujenzi haukufuata mwendo huo, na sababu yake ni ya nchi nzima.

Mwaka 2005 Marekani ilianza kujenga nyumba zaidi ya milioni 2. Benki zilimkopesha karibu kila mtu, hata kwa masharti mabaya. Watu wakashindwa kulipa, benki zikachukua nyumba zao, na mwaka 2009 zilianzwa nyumba 554,000 tu. Wajenzi wengi walifilisika. Pengo la miaka hiyo halijazibwa, na sisi tulifika ndani yake: mwaka 2016 Wakongo tulikuwa wengi kuliko wakimbizi wa nchi nyingine yoyote waliopokelewa Marekani.

Januari 2021 riba ya wastani ya mkopo wa miaka 30 ilishuka hadi asilimia 2.65. Oktoba 2023 ilifika 7.79. Kwa mkopo wa dola 200,000, malipo ya mwezi yanatoka kama dola 806 hadi dola 1,438, bila kodi ya jiji wala bima. Aliyenunua wakati ule hataki kuuza, kwa kuwa atapoteza riba yake ndogo. Aliyetaka kununua sasa anabaki mpangaji. Mjenzi wa apatimenti naye anakopa kwa bei ghali, anajenga chache. Wote hawa wanakutana kwenye mlango uleule unaougonga wewe.

Tuondoke na nini?

Mwaka 2024 Columbus ilibadilisha sana kanuni zake za ujenzi, kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1950, ili majengo marefu zaidi yaruhusiwe kwenye barabara kubwa. Mambo kama hayo huamuliwa katika mikutano ya wazi ya halmashauri, na sisi hatuendi. Twende. Ukiambiwa "watoto wako ni wengi mno" au "hatuchukui watu wa nchi yako", usinyamaze. Andika tarehe na maneno, ulete kwa viongozi wa jumuiya. Na anayefikiria kununua asikimbilie wala asikate tamaa. Kwanza apige hesabu ya riba, bima na kodi ya jiji, na asitie sahihi karatasi ambayo hakuna aliyemsomea kwa Kiswahili.

Watoto, mkisikia wazazi wanazungumza habari za kodi usiku, mjue si kwamba wameshindwa na maisha. Ramani ya nyumba za miji hii ilichorwa kabla hatujafika, na watu kama Warley na akina Wade walianza kuirekebisha. Sehemu iliyobaki ni yetu.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru kwa nyumba zote, za kupanga na za kumiliki.